Kabla hujarudi kwenye gemu zako za zamani

Jioni moja ya mvua nilikuwa kwenye matatu ya Kitengela, tumekwama karibu na Nyayo Stadium, dereva keshazima injini. Juu ya vichwa vyetu ilipita Expressway, ile barabara ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, na magari ya waliolipa yalikuwa yanavuma tu kuelekea Mlolongo. Mimi nilikuwa nimeshika Nintendo Switch Lite, mashine ya gemu ya mkononi, nacheza gemu ya Final Fantasy VII. Cloud, shujaa wake, na wenzake walikuwa wanapita katikati ya vibanda vya mabati vya Midgar, mji wa ngazi mbili: wenye nazo wanaishi juu ya sahani kubwa ya chuma, wengine chini yake kusikofika jua. Mama aliyeketi kando yangu, kapakata mfuko wa sukuma wiki, alichungulia skrini kwa muda, kisha akauliza, "Na hao pia wamekwama hapo chini?"

Nikamwambia wamekwama tangu 1997.

Nina miaka kama mitatu sasa ninazirudia gemu za RPG, zile ndefu za hadithi ambamo unaongoza wahusika wanaokua nguvu kwa kupigana, za enzi ya PlayStation ya kwanza na Super Nintendo, zile zilizotolewa upya kwa mashine za mkononi. Marafiki wa rika langu wakiniona nazo huuliza swali moja: na mimi nikinunua, nianze na ipi? Jibu langu huwashangaza. Anza na yoyote ile, ila usianze na ile unayoipenda kuliko zote. Hilo nililijua baada ya kukosea, na kosa lenyewe lilianzia mtaa wa Umoja, Nairobi.

Pale Umoja, binamu yangu mkubwa alikuwa na PlayStation ya chipu, iliyochokonolewa ili isome diski za bandia, na diski za kuchomwa zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Final Fantasy VII ilikuwa diski tatu ndani ya karatasi ya plastiki moja. Memori kadi ilikuwa moja, yenye nafasi 15, na watoto wa ploti nzima tuligombania hizo nafasi kama viti vya mbele kwenye matatu. Anayefuta sevu ya mwingine, yaani mchezo aliouhifadhi, alikuwa hachezi wiki nzima. Tulicheza likizo yote ya Agosti. Tukafika mwisho wa diski ya kwanza, pale ambapo Aeris, yule msichana muuza maua, anauawa. (Gemu ina zaidi ya miaka 25. Kama ulikuwa bado hujui, pole, lakini ulichelewa.) Cloud akamlaza kwenye maji. Kisha skrini ikaomba diski ya pili.

Diski ya pili ikakataa.

Tuliisugua kwa dawa ya meno, tukaipangusa kwa fulana ya binamu kutoka katikati kwenda nje, kama fundi alivyosema. Tukaigeuza PlayStation chali, miguu juu, kwa sababu kila mtu mtaani alijua kwamba mashine iliyochoka husoma vizuri ikiwa chali. Ilisoma kidogo, nembo ikatokea, halafu giza. Kijana mmoja wa ploti ya pili aliapa kwamba kwenye diski ya pili Aeris anafufuka, eti mjomba wake wa Mombasa alishaona. Tulimwamini. Tungefanya nini kingine?

Kwa hiyo VII ilipotoka kwa Switch mwaka 2019, nilijua siku moja nitainunua, na nilipoipata niliiingia kwa pupa ya mtu anayedai deni. Ndani ya siku nne nilikuwa nimeanza kuichukia. Wahusika wana mikono kama mitungi. Picha za nyuma zina ukungu, na kwa kuwa gemu ilichorwa kwa televisheni za umbo la zamani, inaacha nafasi tupu kushoto na kulia, jambo ambalo kwenye skrini ya inchi 5.5 ya Lite linauma. Kila hatua chache unashtukiziwa na vita. Mimi nilikuwa nimeibeba kichwani miaka yote hiyo ikiwa kubwa na inayong'aa, na hakuna gemu inayoweza kushindana na kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Niliiweka kando. Nikachukua Final Fantasy VI, ambayo sikuwahi kuigusa utotoni, katika toleo la Pixel Remaster lililofika Switch mwaka 2023. Hiyo ya asili ni ya 1994, na Wamarekani waliuziwa ikiitwa ya III kwa sababu baadhi ya zilizotangulia hazikuwa zimefika kwao. Michoro yake ni ya vidoti, midogo, haijifanyi kitu kingine, ndiyo maana haijazeeka. Sikuwa na deni nayo. Ndani ya wiki mbili macho na vidole vyangu vilikuwa vimezoea tena mwendo wa zamani: kungoja zamu, kusoma, kuingia kila nyumba na kuongea na kila mzee hata kama anasema jambo moja tu. Niliporudi VII baada ya hapo, ile mikono ya mitungi sikuiona tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona watu wengi wanaliharibu, nami nililiharibu vilevile. Matoleo haya mapya yanakupa njia za mkato. Kwenye VII ya Switch, ukibonyeza kijiti cha kushoto gemu inakimbia mara tatu. Ukibonyeza cha kulia, uhai wako unajijaza wenyewe vitani. Ukibonyeza vyote viwili, vita vya kushtukiza vinakoma kabisa. Pixel Remaster nazo zina mahali pa kuzima vita, na pa kuchagua pointi unazopata ziongezwe hadi mara nne. Mtu mzima mwenye kazi, mke na mkopo wa Sacco akiviona vitu hivi anafurahi sana. Mimi nilizima vita kuanzia nilipotoka Midgar. Nilipita mabonde, mapango na misitu kama mtalii mwenye dereva. Raha tupu, mpaka nikafika Hekalu la Kale na kukutana na bosi, yaani adui mkubwa wa mahali, anayeitwa Demons Gate, ukuta wenye uso unaokuja mbele yako. Wahusika wangu walikuwa na leveli za watoto wa chekechea. Nilikufa mara sita. Bila vita hakuna pointi, na bila pointi huna cha kumpigia bosi. Hilo hata mtoto wa Umoja alilijua.

Kungekuwa na dawa rahisi: nibonyeze kijiti cha kulia, nimalize. Nilifanya hivyo, nikashinda, na sikuhisi kitu. Nilikaa kitandani nikiangalia skrini kama mtu aliyekula chipsi baridi. Nikarudi kwenye sevu ya nyuma, nikatumia jioni tatu kupigana msituni, nikapanga upya materia zangu, yale mawe ya uchawi, nikamshinda yule ukuta kwa uhai uliobaki mdogo sana, na nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta wake mwenyewe.

Kwa hiyo sheria yangu siku hizi ni hii. Mwendo wa mara tatu nautumia ninapotembea njia ninayoijua na ninapotafuta pointi. Kuzima vita, ni pale tu ninaporudi nyuma kuchukua kitu nilichosahau. Uhai usioisha siugusi. Na mtu akianza kuongea, mwendo unarudi wa kawaida, hata kama matatu imebakisha stegi moja.

Kuhusu hayo maongezi. Utotoni tulibonyeza kitufe kupita maandishi yote, maana Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la tano na bosi alikuwa anangoja. Sasa nayasoma, na nagundua nilicheza gemu nyingine kabisa. Kwangu mimi Barret alikuwa jitu lenye bunduki badala ya mkono, basi. Kumbe anatoka kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na kampuni ya Shinra ilipotaka kujenga mtambo hapo, yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wakubali. Rafiki yake Dyne alikataa. Kijiji kikachomwa. Hasira yote aliyo nayo Barret dhidi ya Shinra ina yeye mwenyewe ndani yake. Hilo mtoto haoni. Mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la kijiji siku ya kuzungumzia fidia analiona mara moja.

Pia utagundua kwamba tafsiri ya 1997 ilifanywa mbio mbio. Kuna mahali kwenye mitaa ya chini Aeris anamwonyesha mgonjwa, na Kiingereza chake katika toleo lile la kwanza kimevunjika kiasi kwamba kwa Kiswahili kingekuwa "huyu mtu ni wagonjwa". Sisi hatukuona kasoro yoyote. Tulidhani ndivyo Wamarekani wanavyoongea.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka.

Gemu hizi hazina orodha ya kukukumbusha ulikuwa unafanya nini. Ukikaa wiki mbili bila kucheza kwa sababu ya kazi, utajikuta jangwani hujui unakwenda wapi wala kwa nini. Mimi huandika mstari mmoja kwenye simu kila ninapozima: niko wapi, nimeambiwa niende wapi, nani amenunuliwa silaha. Ni kama daftari la deni la duka.

VII haihifadhi yenyewe. Switch ina usingizi mzuri, unabonyeza kitufe cha juu na gemu inalala pale pale, nami nikazoea kuitegemea hivyo. Kisha mpwa wangu wa miaka saba akaja Jumapili, akataka gemu ya mpira, mashine ikauliza kama ifunge ile iliyokuwa wazi, naye akabonyeza ndiyo kwa moyo mweupe. Saa mbili zikaenda. Hifadhi kila unapopata nafasi, na ukiwa na watoto nyumbani hifadhi mara mbili. Afadhali si rahisi wazimeze zile kadi za gemu. Zimepakwa kitu kichungu makusudi, na ndiyo, nilionja.

Ukinunua mashine iliyotumika hapa mjini, usiridhike kuona tu inawaka. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti, fungua pale pa kurekebisha vijiti, kisha uviache bila kugusa. Alama ikitembea yenyewe, kijiti kimekufa. Kwenye Switch ya kawaida utabadilisha Joy-Con moja, kile kidhibiti cha ubavuni kinachochomoka, lakini kwenye Lite vijiti vimeshikana na mwili, na fundi atalazimika kuifungua mashine yote. Kadi ya kuongeza nafasi nayo iangalie. Niliuziwa moja mjini iliyosoma GB 256, nikafurahia bei, na ilipofika kama 30 kila nilichoweka kikaanza kuharibika. Siku hizi naijaza kwanza, halafu ndiyo naiamini. Kadi za gemu zenyewe hazina mipaka ya nchi, kwa hiyo aliyeko Dubai au London anaweza kukubebea. Mimi VII niliipata hivyo, kwenye kadi moja pamoja na VIII. Za kupakua ni hadithi nyingine: vocha ya duka la mtandaoni lazima iwe ya eneo lilelile la akaunti yako, la sivyo umetupa pesa.

Na kwenye matatu, usikae dirishani. Hilo silihitaji kukueleza.

Basi, nilifika tena pale kwenye maji usiku wa Jumanne, stima imepotea mtaani, mwanga ni wa skrini tu. Cloud akamlaza Aeris. Nilijikuta nimeshika pumzi, nangoja ile skrini nyeusi ya kuomba diski. Haikuja. Gemu iliendelea tu, kana kwamba haijui ilinikalisha miaka yote hiyo. Na hapana, hafufuki. Mjomba wa Mombasa alituongopea.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka mashine Kitengela kwa binamu. Sasa ana upara na watoto wawili, na hajagusa gemu tangu auze ile PlayStation alipojiunga na chuo. Nilikuwa nimehifadhi dakika chache kabla ya kifo cha Aeris. Alicheza bila kusema neno, chai ikapoa, mkewe akamwita mara mbili. Pale kwenye maji alinyamaza zaidi. Picha ilipokatika kwa sekunde moja kabla ya sehemu inayofuata, akaishika Switch kwa mikono miwili na kuigeuza chali, miguu juu.

Halafu akakumbuka, akanitazama, tukacheka hadi watoto wakaja kuuliza kuna nini.