Kupasua plaiwudi ikanyooka bila msumeno wa meza

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni seremala, nipo Wete, Pemba. Nimepata kazi ya kabati la vyombo, plaiwudi ya milimita 18. Nina msumeno wa umeme wa mkono na msumeno wa kawaida, basi. Mstari nauchora vizuri, lakini nikikata unakwenda kombo, na mlango haukai sawa kwenye fremu. Msumeno wa meza siumudu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usiingie deni kwa ajili ya msumeno wa meza. Plaiwudi nzima ina upana wa milimita 1220 na urefu wa 2440. Mtu mmoja kuisukuma juu ya meza ndogo ni tabu, na ni hatari. Kazi yako inawezekana kwa hicho ulichonacho.

Kinachokuharibia ni kuufuata mstari kwa jicho. Jicho hutambua kombo wakati diski imeshapotea, na ukijaribu kuirudisha inabana, mkato unazidi kuharibika. Msumeno lazima uegemee kitu kilichonyooka. Kitu hicho kitengeneze mwenyewe. Mimi naiita reli.

Chukua kipande cha plaiwudi nyembamba, milimita 6, kirefu kama mkato wako mrefu kabisa, upana sentimita 30 hivi. Juu yake, kwa upande mmoja, gundisha na kaza kwa skrubu ubao mwembamba wa upana wa sentimita 10. Ukingo wake uliokatwa kiwandani uelekee upande wa msumeno. Ubao huo usiwe mnene, ukawa unagonga mota. Sehemu ya chini inayobaki nje iwe pana kuliko nafasi iliyopo baina ya ukingo wa kitako cha msumeno, yaani bati lake la chini, na diski. Gundi ikikauka, egemeza kitako kwenye ubao wa juu, pitisha msumeno mwanzo hadi mwisho, ikate ile ziada. Kuanzia hapo ukingo wa reli ndio njia khasa ya diski. Huna haja ya kupiga hesabu: weka ukingo juu ya alama, bana kwa klempu ncha zote mbili, kata. Reli ikae juu ya kipande unachokitaka, ili upana wa diski, ambao ni milimita 2 na kitu, uliwe na upande wa kutupa. Ukibadilisha msumeno au aina ya diski, tengeneza reli nyengine.

Usiamini kwamba ukingo wa kiwandani umenyooka kwa kuwa ni wa kiwandani. Plaiwudi iliyosimamishwa ukutani masika nzima inaweza kuvimba na kupinda. Upime hivi: chora mstari kwa kuufuata, kisha ugeuze ubao upande wa pili wa mstari huo huo na uchore tena. Mistari ikilingana, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati, uwazi unaouona ni mara mbili ya kasoro yenyewe.

Wakati wa kukata, laza plaiwudi sakafuni juu ya papi (mbao nyembamba) nne, mbili kila upande wa mkato. Usiikate ikiwa inaning'inia. Kipande kikishuka kinaibana diski, na msumeno unaweza kukurukia. Diski itokeze chini ya plaiwudi kiasi cha milimita 5 tu. Kwa hiyo, pamoja na reli, uiweke kwenye karibu milimita 29. Diski ya meno 24 ni ya kupasulia mbao. Kwa plaiwudi tafuta ya meno 40 au zaidi. Kwa kuwa meno yanapanda kutoka chini kwenda juu, uso mzuri ulale chini, sehemu ya kuchanika iwe mgongoni.

Kuhusu pembe, skwea ndogo haitoshi kwa kipande kikubwa. Pima sentimita 60 upande mmoja wa kona na 80 upande wa pili. Baina ya alama mbili hizo lazima upate 100 kamili. Ukishakata, pima mishazari miwili ya kipande, kona hadi kona: ikilingana, pembe zimekaa sawa. Na mbavu mbili za kabati usizipime mbalimbali kwa futi kamba. Ya kwanza ikikamilika, ilaze juu ya ya pili na uitumie kuweka reli. Kila unapopima upya unafungua mlango wa tofauti ya milimita.

Mbao za mninga au mkangazi, au siku umeme umekatika, tumia msumeno wa kawaida. Chora mstari kwa kisu badala ya penseli, ule mfereji mdogo unayashika meno. Ukipasua kwa urefu wa nyuzi za mti, shika msumeno kwa pembe ya digrii 60. Ukikata kuvuka nyuzi hizo, digrii 45. Acha milimita moja nje ya mstari, uimalizie kwa randa.

Na mlango usiukate sasa. Unga fremu kwanza, igundike na ikauke, halafu pima uwazi wenyewe juu, katikati na chini. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, utoe milimita 3 kila upande, ndipo ukate.