Bustani Yako: Rangi za Majani Kabla ya Theluji

SWALI: Ndugu mhariri, ninaishi Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mti wetu wa ash ulikatwa baada ya kushambuliwa na wadudu, na sasa nyuma ya nyumba pamebaki uwanja mtupu wa udongo wa kichanga, unaopigwa na jua karibu kutwa nzima. Ningependa kupanda mimea ya asili ya huku ambayo majani yake hubadilika rangi kabla ya baridi. Majirani wanashauri mti wa mepo, na mmoja amenisifia kichaka chekundu kiitwacho Euonymus alatus. Nichague upi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mti wako. Kichaka cha jirani kiache. Wekundu wake hauna ubishi, lakini asili yake ni Asia ya Mashariki, mbegu zake hubebwa na ndege hadi misituni, na jimbo la Minnesota limekwisha kukiingiza katika orodha yake ya magugu hatari. Mepo ya sukari, Acer saccharum, ni mwenyeji halali wa Minnesota, ila hupenda udongo wenye rutuba unaoshika unyevu, na kwenye mchanga mkavu itakusumbua kila kiangazi.

Kwa uwanja kama wako, mimi ningepanda mwaloni uitwao Quercus ellipsoidalis. Huo umezoea mchanga mkavu wenye asidi kidogo, na majani yake huiva kuwa mekundu ya damu ya mzee wakati miti mingine imekwisha kupukutisha. Pima udongo kwanza, kwa kuwa penye chokaa nyingi majani yake hugeuka manjano mapema kwa kukosa madini ya chuma. Tena usiupogoe kuanzia Aprili hadi Julai, kwa sababu katika miezi hiyo wadudu wanaofuata utomvu wa vidonda vibichi huweza kuuambukiza ugonjwa wa ukungu unaonyausha mialoni, na mialoni ya jamii hii ikishaupata hufa ndani ya muda mfupi.

Mwaloni huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo rangi ya miaka ya mwanzo itategemea vichaka. Aronia melanocarpa, wenye matunda meusi makali mdomoni, hubadilika kuwa mwekundu na kwa kawaida hauzidi mita mbili. Amelanchier nao hutoa maua meupe katika majira ya kuchipua, kisha, mwanzoni mwa kiangazi, matunda yanayofanana na zambarau ndogo, ambayo utayagombea na ndege, na mwishoni majani ya rangi ya chungwa. Rhus glabra huwashinda wote kwa wekundu, lakini machipukizi yake hutoka mizizini na kusambaa. Usiupande karibu na uzio ikiwa unathamini ujirani mwema. Chini ya hivyo vyote panda nyasi ziitwazo Schizachyrium scoparium, ambazo hugeuka rangi ya shaba na kubaki zimesimama hata theluji inapoanguka. Usizitie mbolea, kwani zikineemeka hulala chini.

Nimeyataja majina ya kisayansi kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayokuhakikishia kitaluni kwamba unauziwa mmea wa asili. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya mwaka 2023, inayogawa nchi katika kanda kwa kadiri ya ukali wa baridi, inaweka sehemu kubwa ya Minneapolis na vitongoji vyake katika kanda ya 5a, ambako baridi kali kabisa ya mwaka huwa, kwa wastani, kati ya nyuzi 26 na 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata hivyo, nunua mimea inayostahimili kanda ya 4, ambayo ni ya baridi zaidi, maana wastani hauzuii mwaka mmoja mbaya.

Rangi yenyewe hutofautiana mwaka hadi mwaka. Siku zinapofupika, klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, huvunjika na umanjano uliokuwamo jani tangu awali hujitokeza, lakini wekundu hutengenezwa upya kutokana na sukari, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa ubaridi usiofikia kugandisha. Ndiyo maana kichaka kilichopandwa kivulini hakiwi chekundu vizuri.

Panda majira ya kuchipua au mwezi wa Septemba, mwagilia hadi ardhi igande, na uzungushie mashina machanga wavu wa waya, kwa kuwa sungura huyabambua magome wakati wa theluji.

SWALI: Nimeonywa nisipande Solidago kwa kuwa maua yake ya manjano huleta chafya na macho kuwasha. Je, ni kweli? (Msomaji, St. Paul)

JIBU: Si kweli. Chavua ya Solidago ni nzito, inanata, na husafirishwa na nyuki. Inayokusumbua ni ya Ambrosia, gugu lenye maua ya kijani yasiyoonekana kwa urahisi, linalochanua wakati huohuo na kutegemea upepo. Ling'oe hilo kabla ya Agosti, kisha panda Solidago pamoja na Symphyotrichum novae-angliae, mmea wa maua ya rangi ya zambarau, ambao huchanua hadi Oktoba na kuwalisha vipepeo wa monaki walio safarini kwenda Meksiko.