Anayesema "Tusiuze" Alete Hela ya Paa

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia meseji ndefu. Simtaji. Wamebaki watatu, wazazi wote wametangulia, nyumba imefungwa tangu mazishi, na kila wakikaa kuizungumzia mmoja analia, wa pili ananuna, wa tatu anachezea simu. Akamalizia hivi: "Dada, nyie mlifanyaje?"

Tulifanya vibaya, mdogo wangu. Miaka sita tulifanya vibaya, halafu miezi mitatu tukafanya vizuri, na hiyo mitatu ndiyo watu wanayonipongezea.

Kwetu tuko wanne, mimi ndiye mkubwa. Baba alipofariki, mama akiwa ameshatangulia, nyumba ilibaki kama alivyoiacha, hadi miwani yake iko juu ya redio. Tukasema nyumba ya wazazi haiuzwi. Mimi ndiye niliyelisema kwanza, tena kwa sauti, nakiri. Wote wakaitikia, tukakumbatiana, tukafunga mlango, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyeuliza nani atafyeka majani.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Nilirudi pale baada ya miezi minane na msimu mmoja wa mvua. Nilipofungua bafu, harufu ilinirudisha nyuma. Baadaye fundi alinieleza: lile bomba lililopinda chini ya sinki hushika maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya maji machafu isipande. Nyumba ikikaa bila watu, yale maji yanakauka, na harufu na mende wanapita bila kupiga hodi. Huko nje mifereji ya paa ilijaa majani, na mmoja ulikuwa umeota mche, mche kabisa, wenye majani mawili. Maji yalikosa pa kwenda yakageukia ndani, yakateremka na ukuta wa chumba cha wazazi. Nikashika fremu ya mlango ili niingie, kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamekula mbao yote wakaacha rangi. Rangi ndiyo iliyokuwa imeshikilia ule mlango.

(Kwa wenye bima: soma mkataba wako leo. Kampuni nyingi hupunguza au husitisha kinga nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi siku 30 au 60.)

Nikatoa akiba yangu nikaezeka upya. Yote, peke yangu. Nikatuma picha kwenye grupu la familia: paa kabla, paa baada. Zikaja asante, yakaja maua, ikaja "Mungu akuzidishie dada". Hela haikuja hata ya misumari. Risiti nikaziweka kwenye kopo la biskuti, nikijua siku ya hesabu itafika.

Mwaka wa tatu kaka yangu anayenifuata akahamia pale na familia yake, "kuilinda". Nilipomuuliza kuhusu kodi akanijibu, "Hii ni nyumba ya baba. Nimlipe kodi baba?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo: baba ana warithi wanne, na mmoja wao ndiye anayekutengenezea paa.

Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyesema tuuze. Alikuwa na shida zake na hakuzificha. Mimi, mbele za watu, nikamwambia ana njaa. Hatukusemeshana karibu mwaka mzima, na lile neno halijanitoka hadi leo, kwa sababu kati yetu sote ni yeye peke yake aliyekuwa anasema kweli. Sisi tuliosema "haiuzwi" kila mmoja alikuwa na lake. Kaka alikuwa anakaa bure. Mimi nilitaka kuonekana mtoto aliyeokoa nyumba.

Kilichotuamsha ni mnunuzi. Alikuja mwenyewe, mtu makini, akaomba kuona hati. Hati ilikuwa na jina la baba. Sote wanne, kwa miaka yote ile, tulikuwa tunagombania kitu ambacho kwenye karatasi hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nacho. Mnunuzi akaaga kwa adabu, hakurudi.

Habari za kufungua mirathi naziruka, ni foleni na fotokopi tupu. Nitasema mawili tu. La kwanza, msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kugawa kinachobaki. Kaka alidhani akiteuliwa yeye basi nyumba ni yake, na kwa dhana hiyo tukapoteza miezi. La pili, robo yako si chumba cha kona. Mpaka mtakapogawana rasmi, una robo ya kila tofali, na wenzako wana robo zao kwenye tofali hilohilo. Nilipolielewa hili ndipo nilipoacha kusema "chumba changu".

Sasa ile miezi mitatu mizuri. Tulimlipa mthamini asiyetujua, si dalali, maana dalali ana kamisheni yake akilini. Kisha tukakaa na daftari. Tuseme nyumba ina thamani ya 100. Toa madeni na gharama, tuseme 12. Zinabaki 88, na kwa warithi wanne kila mmoja ana 22. Kaka anataka abaki nayo? Vizuri sana. Abebe zile 12, awape wenzake 66, nyumba iwe yake na tumpigie makofi. Tukampa siku 90, kwa maandishi, sote tukatia saini.

Tukapiga na hesabu ya kupangisha, maana kila familia ina mtu anayesema "tupangishe tu". Usihesabu miezi 12, hesabu 10, kwa sababu wapangaji huhama. Toa kodi za serikali, toa matengenezo, toa ujira wa mtu wa kuiangalia, kisha gawa kwa nne. Kwetu ilibaki hela ya nauli ya kwenda kukagua nyumba.

Siku 90 ziliisha, kaka hakupata hela, tukauza. Mwezi uliopita tumekabidhi funguo, na kila mmoja alipokea fungu lake siku moja na wenzake. Sijui familia nyingi zilizofika hapo bila kutoana macho, na sitajifanya kuwa sioni fahari.

Ila kuna hela ya paa langu. Niliomba nirudishiwe kabla ya kugawana. Wakasema, "Hatukukutuma." Na ni kweli hawakunituma, sikuwa na karatasi hata moja inayoonyesha walikubali. Baada ya maneno mengi nikapewa nusu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa na risiti bila makubaliano, ambayo ni nusu ya daftari. Basi andikeni. Kabla hujanunua msumari, andikeni. Ndugu akihamia, andikeni anakaa hadi lini na analipa nini. Mkikubaliana kutouza, andikeni nani anatoa kiasi gani kila mwezi. Andikeni!

Na tuache kuabudu kuta, jamani. Nimeona watu hawazikani kwa sababu ya nyumba inayovuja. Wazazi walijenga ili tukae ndani pamoja, halafu sisi tunaitumia kama ngao ya kurushiana mawe, na bado tunajiita watoto wema kwa sababu hatujauza. Anayesema "tusiuze" ana haki yake, lakini kauli yake ije na kiasi, na kiasi kije na tarehe. Asiye na kiasi alikuja kutoa hisia, na paa haliezekwi kwa hisia.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia: mkikutana tena, nenda na daftari. Anayelia mwache alie, usimkatize, hata ikichukua saa nzima, kwa sababu ana sababu. Akishanyamaza, muulize kwa upole atatoa kiasi gani kwa mwezi na kuanzia lini. Muulize na anayenuna. Yule wa simu muulize mara mbili. Andika majibu yao hapohapo wakiwa wanakuona, mtie saini wote watatu, kisha kesho yake asubuhi mkaulizie mirathi kabla mtu hajabadili mawazo.

Na kaka yangu, najua unasoma hapa kimyakimya. Risiti za ile nusu nyingine bado ziko kwenye kopo lilelile.