Maswali yenu kuhusu skii za mlima mzima: barafu, unga na majimaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, zile wenyewe wanaziita olimaunteni, yani za mlima mzima, ambazo kiuno chake, yani upana wa pale katikati palipo pembamba zaidi, kipo kama milimita 80 mpaka 100 na unategemewa ushuke nazo kwenye theluji ya aina yoyote utakayoikuta. Nayajibu moja moja, mengine ntayakalia zaidi kwa sababu ndo yanaumiza watu.

Skii zangu kiunoni ni milimita 98. Asubuhi theluji ikiwa ngumu zinaponyoka pembeni kila nikigeuka, mchana ziko poa kabisa. Niziuze?

Usiuze bado ndugu yangu, kagua makali kwanza. Chukua ukucha wa kidole gumba uuburute kwa kukatiza ukingo wa chuma, usiufuate urefu wake maana utajikata, ukiona umeacha unga mweupe kidogo wa ukucha juu ya chuma basi makali yapo, ukucha ukiteleza tu bila kuacha kitu ukingo umekuwa butu. Pima sehemu kadhaa na usiache pale chini ya buti, hapo ndo uzito wako wote unapokaa ukigeuka na ndo mawe yanapopenda kung'ata. Skii za namna hii mara nyingi zinanolewa digrii 1 upande wa chini na digrii 2 upande wa ubavu, kwa hiyo mwambie fundi akurudishie pembe hizo alafu aondoe vile vinyweleo vya chuma vinavyobaki baada ya tupa, kwa sababu vikibaki skii inakuwa inakamata kamata hovyo.

Makali yakiwa sawa na bado zinaponyoka, hapo sasa upana unahusika. Ukiilaza skii kwa ubavu, ukingo ulioshika theluji unakuwa mbali na katikati ya unyayo wako, na kiuno kikizidi kuwa kipana ndo theluji inavyopata nguvu ya kuirudisha skii iwe bapa, kazi yote ya kuizuia inakiangukia kifundo cha mguu na goti. Kwenye theluji laini husikii kwa sababu skii nzima inazama kidogo na kujitengenezea kitanda cha kulalia, kwenye barafu hakuna kitanda, kuna ule uzi mwembamba wa chuma tu. Buti nalo uliangalie. Mi nilihangaika msimu mzima nikiamini skii ndo mbovu, kumbe buti lilikuwa kubwa, mguu unageuka ndani yake kwanza ndo skii inafuata baadae, na kwenye barafu huko kuchelewa kidogo tu kunatosha ushapotea. Kama siku zako nyingi ni za theluji ngumu iliyosawazishwa na mashine, skii ijayo chukua ya milimita 80 mpaka 88, utafurahi.

Kwenye theluji ya unga, ile laini isiyoshindiliwa, ncha zinazama nasimama ghafla. Nimeambiwa niegemee nyuma, ni kweli?

Hapana, na huo ushauri umechosha mapaja ya watu wengi mno. Ukiegemea nyuma ncha zinapanda kweli, ila unapoteza usukani, na baada ya mita mia mapaja yanawaka moto huwezi tena kugeuka. Simama katikati, magoti yamelegea, gawa uzito karibu sawa kwenye miguu yote miwili kwa sababu ule mmoja utakaoukandamiza peke yake ndo utakaozama, alafu acha skii zikimbie. Mwendo ndo unaoziinua. Anayeshuka kwa woga polepole ndiye anayezama, najua inasikika kinyume ila ijaribu kwenye mteremko mpole utaona.

Skii yenyewe inasaidia pia. Angalia ncha yake kama imeanza kuinuka mapema kuelekea juu, umbo hilo wanaliita roka. Mtelezaji skii Shane McConkey ndo alilipigia debe kwa nguvu, akitazama jinsi skii za kwenye maji zilivyo, na mwaka 2002 ikatoka skii iitwayo Volant Spatula ambayo ilikuwa imepinda kinyume kabisa na skii za kawaida, ncha na mkia vyote juu. Skii za mlima mzima za leo zimechukua kipande tu cha wazo hilo: ncha imeinuka, chini ya buti umebaki ule upinde wa kawaida ili makali yashike kwenye theluji ngumu.

Na tafadhali sana, unga mtamu uko nje ya njia zilizokaguliwa na maporomoko ya theluji yako hukohuko. Usiende bila kifaa cha kutuma ishara mwilini, koleo, fimbo ya kuchomeka kumtafuta aliyefukiwa, na mwenzako anayejua kuvitumia vyote vitatu.

Urefu gani unanifaa?

Kati ya kidevu na utosi. Anayeanza asogee kwenye kidevu, anayekimbia asogee kwenye utosi, na kama ncha na mkia vimeinuka sana ongeza kidogo, kwa sababu kwenye theluji ngumu sehemu inayogusa chini ni fupi kuliko unavyoiona ikiwa imesimama ukutani.

Kuna skii zenye bati la titanali ndani na zisizo nalo. Tofauti naisikia wapi hasa?

Utaisikia saa nane mchana, theluji ikiwa imeshavurugwa na watu, vifungu vifungu, huku laini pale ngumu. Skii nyepesi inarushwa rushwa na kila kifungu unachokipiga, ncha zinapiga makofi, unaanza kubana meno. Titanali ni aloi ya alumini, inaongeza uzito na kuumeza mtetemo, kwa hiyo skii inapita katikati ya vurugu badala ya kudundadunda juu yake. Gharama yake ni kwamba inataka mguu wenye nguvu na mwendo, ukienda polepole unasikia umebeba gogo, na kwenye vile vinundu vilivyopangana inachosha kuizungusha. Dada uliyeniuliza umesema uko msimu wa pili na bado unajifunza, achana nalo kwa sasa.

Mwisho wa msimu theluji ikianza kuyeyuka skii zinanasa ghafla, nusura nianguke kifudifudi. Ni nini?

Ni maji. Skii inateleza juu ya utando mwembamba wa maji, ila utando ukizidi unene unaanza kufyonza, kama vioo viwili vyenye maji katikati vinavyogoma kuachana. Dawa ni mbili: nta ya siku za joto, ipake kwa pasi, ikwangue ikishapoa alafu piga brashi vizuri, na ile mistari midogo inayochorwa chini ya skii na mashine ili maji yapate njia ya kutokea. Kama chini pako pamekuwa laini kama sahani hiyo mistari imeshakwisha, mpelekee fundi aichore upya. Nta za florini usizitafute, FIS, shirikisho la kimataifa la skii, wamezipiga marufuku kwenye mashindano yao tangu msimu wa 2023/24 kwa sababu ya madhara yake kwa mazingira, na we unayeshuka kwa raha zako huzihitaji.

Rafiki kanikazia bainding, kile kinachoshikilia buti kwenye skii, kwa bisibisi ili skii zisichomoke mguuni kwenye theluji nzito. Yuko sahihi?

Hapana hapana hapana. Namba ya bainding inatokana na uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoshuka, haitokani na theluji. Theluji nzito ndo inayoushika mguu na kuusokota, kwa hiyo hapo ndo unaihitaji bainding ifunguke. Irudishe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia kabla hujashuka tena, nakuomba.

Na ile theluji yenye ganda juu, ukikanyaga linavunjika?

Hiyo hakuna skii inayoipenda. Weka miguu karibu karibu, uzito sawa kwa yote miwili, geuka taratibu bila kukata ghafla, na likizidi kukushinda katiza mteremko mpaka usimame, geuka ukiwa umesimama, katiza tena. Au subiri. Upande unaopigwa na jua ganda mara nyingi linalainika kabla ya adhuhuri.