Re: Mnamalizaje kazi na watoto wadogo, dada hakuna?

Pole mwaya, wawili chini ya miaka mitano bila dada wa kazi si mchezo. Mi siku yangu naianzia usiku, naloweka maharage kabla ya kulala, asubuhi yanaiva chap na gesi haiendi nyingi, nachemsha mengi nagawa kwenye vikopo natupia friza, siku zingine ni kuunga tu na kitunguu, nyanya na tui. Nguo fua mapema, jua likitoka ziwe kambani tayari. Mdogo akilala mchana usikimbilie vyombo jamani, jinyooshe na wewe, mwili ukigoma nani atawalea? Na huyo mkubwa mpe kazi, wangu anapanga viatu na kukunja vitambaa, anafurahi kweli.