Jibu: Kwa nini ratiba yangu haidumu zaidi ya wiki 2?
Ndugu, umeuliza kwa nini kila ratiba unayojipangia huvunjika baada ya wiki 2, na kama chanzo chake ni udhaifu wa nia. Kwa maoni yangu nia yako ni nzima; muda uliojipa ndio mfupi mno. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kitendo kipya kilichukua wastani wa siku 66 kabla ya kuwa mazoea, huku baadhi ya washiriki wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254. Lililonifariji zaidi humo, kwani nami niliwahi kuiacha ratiba nzima kwa sababu ya asubuhi moja niliyochelewa kuamka, ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kwa hiyo chagua kitendo kimoja kidogo na ukiambatanishe na jambo ambalo tayari hulikosi, kama vile kusoma kurasa 2 mara tu baada ya kupiga mswaki, wala usiongeze kingine mpaka hicho kifanyike bila kujishurutisha. Saa ya kulala, nakusihi, ishughulikie kabla ya hayo yote.