Mota ya nanotyubu: anza na nafasi

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kubuni mota ndogo za nanotyubu za kaboni, nianzie wapi?" Nanotyubu, kwa asiyezijua, ni mirija midogo mno ya atomi za kaboni. Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi, na nimeumia kidogo, kwa sababu suali hilo hilo niliuliza mimi nikajibiwa kwa kicheko.

Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2003 Alex Zettl na wenzake kule Berkeley, Marekani, walizungusha kibati cha dhahabu juu ya nanotyubu yenye kuta nyingi, kuta zenyewe zikiwa ndiyo beringi. Nikasema, mbona rahisi. Nikachora kwenye kompyuta ekseli ya nanotyubu ya (5,5), nikaivika bushi ya (9,9), namba hizo zikikua hivi na mrija hupanuka, nikabonyeza simulesheni ianze. Atomi zikaruka kama bisi. Miezi mitatu nikailaumu kompyuta.

Aliyenizindua ni ami yangu, fundi wa pikipiki Chake Chake. Siku hiyo umeme umekatika, nimekaa gerejini namtazama akigonga bushi isiyoingia. "Imebana, si saizi yake hii," akaitupa. Nikashtuka. Nikapiga hesabu: baina ya (5,5) na (9,9) pana nanomita 0.27 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kuta za kaboni hutaka kuachana kama 0.34. Nikaweka (10,10). Ikazunguka! Nilipiga kelele mama akadhani kaingia mwizi.

Nikaipeleka kwenye semina moja. Mzee mmoja akauliza, "Itapandisha maji kisimani?" Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka leo nikikumbuka koo hunikaba.

Na kumbe kazi yenyewe ilikuwa na dosari ambayo hakuna aliyeiona. Kidhibiti joto cha simulesheni, kile kinachorekebisha kasi za atomi ili joto lisipande wala kushuka, nilikifunga hata kwenye atomi za ekseli, kikawa kinaila kasi yake, nami nikaandika ukurasa mzima kuhusu msuguano niliouleta mwenyewe. Kifunge kwenye bushi iliyoshikiliwa, ekseli iache.

Vijana wenzangu, pimeni nafasi. Kabla ya rangi, kabla ya video ya kuwaonesha watu, pimeni nafasi! Programu ya LAMMPS, ya kuigiza mwendo wa atomi kwenye kompyuta, ni ya bure, hamna kisingizio. Na hifadhini kazi kila mara, umeme wetu mnaujua.

Na wewe mzee wa kisima, kama unasoma: hapana, haipandishi maji. Kipenyo cha bushi yake ni nanomita 1.36. Ndoo gani hiyo?